Kapi la Tani Nane

Muuzaji kaniuliza: kapi la kazi gani, mama?
Nikamwambia, la kushushia mti
uliomwangukia mwenzake ukakataa kufika chini.
Akacheka. Kisha akanitambua,
Zdravka, mjane wa Stane, wa shamba la juu
ya ziwa linalokauka kila kiangazi,
akaacha kucheka,
akafuta kaunta isiyokuwa na vumbi.

Barafu ilikuja Februari. Si theluji: barafu,
mvua iliyoganda pale pale ilipogusa tawi,
na usiku kucha msitu ukapasuka kama vigae.
Asubuhi mwaloni wa mpakani umeegemea msonobari
kama mlevi aliyeshikwa kwapa na rafiki.
Wiki ya tisa sasa. Hakuna apitaye chini yake
ila paa, na shemeji yangu Lojze,
asiyeogopa kwa kuwa hapigi hesabu.

Lojze ameniletea kapi la baba yao.
"Hili limevuta nusu ya mlima."
Nikalifuta kutu, nikatafuta mhuri. Umelika.
Ni la tani ngapi?
"Tani za zamani," akasema,
"zilikuwa nzito kuliko hizi za leo."
Mfereji wa gurudumu umechakaa upande mmoja
kama kisigino cha mtu anayechechemea.
Nikamshukuru. Nimelitundika jikoni, kwenye msumari.
Linapendeza pale.

Kwenye kaunta yako matatu.
Jekundu, la tani mbili, bei ya jozi ya viatu;
silitazami hata, winchi yangu inavuta tatu na nusu.
La pili limeandikwa nne.
"Hili linakutosha, nne si zaidi ya tatu na nusu?"

Kwa kamba, ndiyo.
Kwa kapi, hapana.
Kamba ikienda na kurudi, kapi linavutwa na wote:
mti huku, trekta kule,
na kila upande unadai tatu na nusu zake kamili.
Aliye kati hubeba mara mbili.
Sikuisoma hii kitabuni.
Nimekaa miaka ishirini na sita
baina ya ndugu wawili na msitu mmoja usiogawanyika,
najua tani saba zina ladha gani mdomoni.

Nipe la nane.
Zito, kama mtoto wa miezi mitatu,
ubavu unafunguka, kamba inaingia kiunoni
bila kutafuta ncha yake matopeni.
Gurudumu pana, maana waya ukikunjwa padogo
huvunjika ndani kwa ndani, uzi mmoja mmoja,
huku nje ukiendelea kung'aa.
Nipe na pingu ya chuma, na mkanda mpana
wa kufunga kwenye kisiki.

"Kwa mti mmoja tu?"
Muuzaji hakukusudia. Lakini ni maneno ya Stane,
yale yale, mwaka juzi, akipanda trekta.
Akavuta moja kwa moja.
Mti haumjui mvutaji. Unajua njia ya kamba,
na mwisho wa kamba alikuwa amekaa yeye.

Nililipa. Sikuomba punguzo.

Jumamosi tumefunga: kisiki, mkanda, pingu, kapi,
trekta kando, mbali, nyuma ya jiwe.
Nikageuka, Lojze kasimama ndani ya pembe ya kamba,
mikono mfukoni,
mahali ambapo waya ukikatika hupita kwanza.
Toka hapo, nikasema.
Akafungua kinywa. Baba yake, nadhani, alikuwa anakuja.
Toka, Lojze.

Akatoka.

Nikabonyeza. Kamba ikanyooka polepole, ikidondosha matone,
na kapi likainuka toka kwenye majani makavu,
likatikisika mara moja,
likakaa.